"Wanauliza bei halafu wanapotea": jibu kwa muuza vikapu wa Kihesa

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Kihesa, Iringa. Tangu mwaka jana nauza vikapu vya milulu, ile mimea ya mabwawani, kupitia Instagram na WhatsApp. Navichukua kwa akina mama wa upande wa Kalenga. Kikapu cha kati nanunua 15,000, fundi ananiwekea mishikio ya ngozi kwa 5,000, nauza 25,000. Nina wafuasi 4,300 lakini kwa mwezi nauza vikapu sita, saba nikibahatika. Wengi wanauliza bei halafu wanapotea. Bando linanila kama 20,000 kwa mwezi, na bodaboda ya kupeleka mzigo stendi ya Igumbilo ni 2,000 kila safari. Kuna kijana ameniambia nikimpa 600,000 atanitengenezea tovuti na mauzo yatapanda. Nina akiba ya 400,000. Nimpe kama malipo ya kuanzia? Tena, kuna dada wa Ujerumani na mwingine wa Marekani wamewahi kuniuliza vikapu.

Jibu: Marahaba mwanangu, kamwene.

Hiyo laki nne ibaki ilipo. Huyo kijana huenda ni fundi mzuri na ipo siku utamhitaji, lakini tovuti mpya ni sawa na kibanda kilichojengwa uchochoroni: watu hawajui kama kipo mpaka uwashike mkono uwapeleke. Na wewe huna shida ya watu. Watu 4,300 wanakutazama, na baadhi yao wanajisumbua hadi kukuandikia. Mtu aliyeuliza bei ya kikapu ameshakipenda. Anapotelea katikati, kati ya kupenda na kulipa, na hapo ndipo pa kutengeneza.

Kwa hiyo kabla hujatumia hata shilingi, chukua daftari, fungua WhatsApp na Instagram, urudi nyuma kwenye mazungumzo 30 ya mwisho ambayo hayakuzaa mauzo. Kwa kila moja andika neno la mwisho lilikuwa la nani na lilihusu nini. Aliuliza bei, ukamjibu, akanyamaza? Aliuliza "hadi Dodoma ni shilingi ngapi?" ukasema "ngoja niulize", ukasahau? Aliuliza saa mbili usiku, ukamjibu kesho yake saa nne? Aliuliza ukubwa, ukamtumia picha ileile aliyokwisha kuiona?

Nakuambia hivi kwa sababu kazi hiyo niliwahi kuifanya mwenyewe. Miaka ile nilikuwa nauza vyungu vya Wakisi hapa Mbeya, vile vinavyofinyangwa Ikombe na kuvushwa kwa mitumbwi hadi gulio la Lyulilo, pale Matema, Ziwa Nyasa. Nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba watu wa mjini hawataki kulipa, wanapenda vya bure. Nilipohesabu mazungumzo yangu 30, waliokimbia bei walikuwa wanne tu. Waliobaki wengi walikwama kwenye usafiri, au walichoka kunisubiri. Niliona aibu, maana lawama zote nilikuwa nimewatwika wateja.

Siwezi kujua daftari lako litasema nini, ila kutokana na barua yako nina dhana, na ya kwanza ni hilo neno "wanauliza bei". Kwa nini wanauliza? Kwa sababu hujaiandika. Naijua sababu unayopewa na wenzako: ukiandika bei washindani wataiona, na mteja asipoiona atalazimika kukuandikia, nawe umvute kwa maneno. Mshindani wako anaweza kujifanya mteja akaipata bei hiyo kwa dakika mbili. Na mteja anayeambiwa "bei njoo inbox" anahisi mambo mawili: kwamba bei ni kubwa mno, au kwamba itapangwa kwa kutazama sura yake kwenye picha ya profaili. Mama wa Sinza anayepitia simu akiwa kwenye daladala haji inbox. Anapitia kurasa tano, na kikapu kilichoandikwa 35,000 anakielewa hapohapo.

Andika bei chini ya kila picha. Iandike pamoja na vipimo kwa sentimita: upana wa mdomo, upana wa kitako, kimo bila mishikio. "Kikapu cha kati" ni lugha yako wewe na akina mama wa Kalenga. Mteja wa Dar hajui kati ya nini na nini. Kama ukikipima kikapu ukaona kila kimoja kinatofautiana na mwenzake kwa sentimita mbili tatu, sema hivyo, maana ndiyo kazi ya mkono ilivyo. Kisha kipe kila kikapu namba, kikaratasi kidogo kwenye mshikio, 01, 02, 03. Mteja akisema "nataka 07" hakuna tena "ile yenye zambarau lakini siyo ile nyingine". Kikiuzwa, nenda kwenye picha uandike "imeuzwa". Usiifute. Picha zenye "imeuzwa" zinamwambia mgeni kwamba hapa watu wananunua na wanapokea.

Sasa kuhusu hiyo bei yenyewe. Nimekaa na hesabu yako, nayo ina uchungu. Unauza 25,000. Toa 15,000 ya mama na 5,000 ya fundi, inabaki 5,000. Bando la 20,000 ukiligawa kwa vikapu sita ni 3,333 kwa kila kikapu. Inabaki 1,667. Bodaboda 2,000. Mwanangu, kila ukiuza kikapu unampa mteja shilingi 333 zako akichukue, na hapo sijahesabu boksi, wala muda wako, wala yule anayekuomba "nipunguzie kidogo dada" ukampunguzia. Kama mauzo yangepanda kwa bei hii, ungechoka zaidi kuliko kutajirika.

Tufanye hesabu nyingine. Tuseme umefika vikapu 15 kwa mwezi, unapeleka mizigo stendi siku mbili tu kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, yaani safari nane za bodaboda, 16,000. Igawe kwa 15 ni kama 1,067. Bando ni 1,333. Boksi na kamba weka 1,000. Jumlisha na ile 20,000 ya mama na fundi, kikapu kinakugharimu 23,400. Kwa bei yako ya sasa unabaki na 1,600, mwezi mzima 24,000. Ukiuza 35,000 unabaki na 11,600, mwezi mzima 174,000. Vikapu ni vilevile 15, jasho ni lilelile.

Utaniambia watakimbia. Baadhi, ndiyo. Ndiyo maana uwe na kikapu kidogo, cha mkate au cha kuwekea funguo na vikorokoro, cha bei ambayo mtu hahitaji kuomba ruhusa nyumbani kuitoa. Anayeona 35,000 ni nyingi aondoke na hicho badala ya kuondoka mikono mitupu. Ila tafadhali, usiende Kalenga kuwabana wale mama ili upate faida yako kwao. Milulu inakatwa mabwawani, inaanikwa, inatiwa rangi, ndipo kusuka kunaanza, na kusuka kwenyewe hufanyika kati ya shamba na jiko. Ukipunguza shilingi elfu mbili hutamsikia akilalamika. Utaiona kwenye msuko, umelegea, na kitako hakikai sawa mezani. Nimeliona hilo kwa vyungu, kuta zilivyoanza kuwa nyembamba.

Picha. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini wao mnunuzi alikuwa anakishika, anakigeuza, anakinusa. Wako hana mikono pale. Kwa hiyo mpe picha nne za kila kikapu: kizima kutoka mbele, ndani kutoka juu, kitako, na ile sehemu mshikio wa ngozi unaposhonewa, maana hapo ndipo vikapu vingi hukatikia na mnunuzi mzoefu anapajua. Katika picha mojawapo weka kitu ambacho kila mtu anajua ukubwa wake. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ikichungulia mdomoni inasema mengi kuliko "cha kati". Piga asubuhi barazani, kivulini, si saa sita mchana jua la Iringa linapochoma rangi zote zikawa nyeupe. Na acha kabisa vichujio vya kurembesha picha. Zambarau ikiwa ya kung'aa kwenye simu na ya kufifia mkononi, umetengeneza ugomvi kwa pesa yako mwenyewe.

Habari ya rangi, kuna jaribio dogo: lowesha kitambaa cheupe, kisugue kwenye kila rangi ya kikapu. Kikishika rangi, kikapu hicho kitachuja kwenye gauni la mtu siku ya mvua. Mwambie mteja kabla, au kirudishe kwa aliyekisuka muone pamoja nini kimetokea. Hili la kuchuja linaua biashara kimyakimya, kwa sababu mteja wa namna hiyo hakugombezi. Anawaambia shoga zake tu.

Usafiri ndio mwamba wenyewe, na nadhani daftari lako litakuonyesha hivyo. Mteja hanunui kikapu cha 35,000. Ananunua kikapu pamoja na usumbufu wa kukipata. Asipojua usumbufu huo una ukubwa gani, anauogopa. Nenda stendi siku moja ukiwa huna mzigo, zungumza na mawakala wa mabasi, uliza bei ya kifurushi cha kikapu kimoja, vitatu na sita kwenda Dar, Dodoma, Morogoro, Mbeya na Songea. Andika bei hizo kwenye picha moja nzuri. Instagram inakuruhusu kubandika machapisho matatu juu kabisa ya ukurasa. La kwanza liwe bei na vipimo, la pili usafiri kwa kila mkoa, la tatu namna ya kulipa. Hapo umejibu nusu ya maswali yako ukiwa umelala.

Kwa Dar kuna tatizo jingine. Basi linashusha Mbezi, kituo cha Magufuli, na mteja wako yuko Kigamboni au Mbagala. Kwake yeye safari ya kwenda Mbezi kufuata kikapu ni nusu siku. Tafuta bodaboda mmoja pale kituoni, mtu mwenye kijiwe kinachojulikana, mpe kazi ndogondogo mpaka umwamini, kisha mpangie bei kwa maeneo. Mteja aone jumla moja: kikapu, basi, na kufikishiwa mlangoni. Wengi watachagua kufikishiwa, hata kama inaongeza kidogo, kwa sababu sasa wanajua ni kiasi gani.

Kufunga mzigo nimejifunza kwa machozi. Nilituma vyungu 12 Dar nikiwa nimevizungushia pumba kiduchu na magazeti, vikafika vitano. Nilitaka kumlaumu kondakta, lakini aliyefunga boksi ni mimi. Vikapu havivunjiki, ila vinavunda. Milulu ikiwa na unyevu, ukaifunga ndani ya nailoni, ikakaa kwenye buti la basi siku nzima, inafika na ukungu na harufu ya kisima. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, mvua za kwetu nyanda za juu zinapokuwa zimekolea, anika kila kikapu kabla ya kukituma, siku mbili sehemu yenye hewa, na ukifunge kwa karatasi na boksi. Andika jina na namba ya simu ya mpokeaji sehemu mbili, juu ya boksi na kwenye kikaratasi ndani, maana ya juu inachanika. Basi likiondoka, mtumie mteja picha ya stakabadhi ya mzigo na namba za basi. Ni dakika moja, na mtu aliyewahi kutapeliwa mtandaoni ataikumbuka dakika hiyo.

Hapo tumefika kwenye kuaminika. Mteja akiingiza lipa namba yako, jina gani linatokea kwenye simu yake? Likitokea jina la kaka yako, mteja anasimama kidole kikiwa juu ya kitufe. Sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, inafanyika kwa mtandao, chukua na namba ya mlipakodi TRA, mamlaka ya mapato, kisha omba lipa namba kwa jina lilelile lililoko kwenye ukurasa wako. Hizo ndizo shilingi za kwanza ningezitoa kwenye akiba yako. Kikapu cha kuagiza, chenye rangi alizochagua mteja, chukua nusu ya pesa kabla mama hajaanza kusuka. Kilichopo tayari, kilipiwe chote kabla ya kwenda stendi. Usione haya.

Kuhusu simu yako: kama bado unatumia WhatsApp ya kawaida, hamia WhatsApp Business, ni ya bure. Ina katalogi ya kuweka bidhaa na bei, na majibu uliyoyaandaa mapema unayoyaita kwa alama ya mkwaju (/), ili lile la "usafiri hadi Mwanza" usiliandike upya mara kumi. Kwenye wasifu wako wa Instagram weka kiungo cha wa.me/255 kikifuatiwa na namba yako bila sifuri ya mwanzo, mtu akigusa anaingia moja kwa moja kuzungumza nawe. Na ile sehemu ya jina, siyo anwani ya ukurasa bali jina linaloandikwa kwa herufi nzito, andika "Vikapu vya Iringa", kwa sababu Instagram huitazama inapomtafutia mtu anachotaka. Hakuna anayetafuta neno tamu ulilolibuni wewe. Anatafuta kikapu.

Waliokwisha kununua usiwaache wakaenda. Mtu aliyefurahia kikapu chake ananunua cha zawadi ya harusi. Ila ujue kwamba ukitumia ile orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi kwa mpigo, ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Kwa hiyo kwenye kikaratasi cha ndani ya boksi andika: "Hifadhi namba hii, nikitoa vikapu vipya utaviona wa kwanza." Usiwatumie kila siku. Mara mbili kwa mwezi, mzigo mpya unapotoka Kalenga, inatosha.

Nakuomba pia uongee kuhusu kikapu kwa maneno ya kweli. Naona kurasa nyingi zimejaa "bidhaa bora, ubunifu wa kipekee". Hayo yanaweza kusemwa hata kuhusu ndoo. Sema milulu ni nini, inakatwa wapi, kikapu kimoja kinachukua siku ngapi, rangi nyeusi inapatikanaje. Muulize mama mwenyewe, uandike alivyosema. Ukitaka kuweka picha yake, muombe ruhusa, umwonyeshe itakavyoonekana, akikataa iwe basi. Na tangu 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini, kikapu cha sokoni kina kazi tena. Mbona sijaona barua yako ikisema unawauzia watu kikapu cha kwendea sokoni? Kipige picha kikiwa na nyanya na mchicha ndani, si juu ya kitambaa cheupe tu kama pete.

Siku ukipata nafasi, pita Neema Crafts hapo hapo Iringa, karakana ya watu wenye ulemavu iliyoanza 2003. Kaa dukani kama mteja, tazama wanavyopanga vitu na wanavyomalizia kingo, kisha urudi nyumbani uangalie vikapu vyako kwa macho hayo. Mwezi wa Agosti pia jipange kuja huku kwetu kwenye Nanenane, viwanja vya John Mwakangale. Usije kwa ajili ya mauzo ya siku hiyo peke yake. Njoo na daftari la namba za simu.

Umegusia mwishoni mwa barua kwamba kuna dada wa Ujerumani na mwingine wa Marekani wamewahi kukuuliza. Kuwa makini hapo. Makampuni ya kusafirisha vifurushi kwa ndege hayatazami uzito wa mzani peke yake, yanatazama nafasi. Chukua urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, zidisha, gawa kwa 5,000. Boksi la 40 kwa 40 kwa 40 linahesabiwa kilo 12.8, hata kama kikapu kilichomo hakifiki kilo moja. Utalipia hewa. Ndiyo maana kwa wageni uza seti ya vitatu au vitano vinavyoingiana, kikubwa kikimeza kidogo. Boksi ni moja, nauli ni moja, mauzo ni matano. Na Marekani, tangu 29 Agosti 2025, imeondoa ule msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800, kwa hiyo mwambie yule dada mapema kwamba anaweza kudaiwa ushuru mzigo ukifika, asije akafikiri umemzunguka.

Tovuti utaijenga siku ambayo majibu ya WhatsApp yatakuwa yanakunyima usingizi kwa wingi wa oda, au hoteli na maduka ya jumla yatakapoanza kukuomba orodha rasmi yenye bei. Siku hiyo picha zako nne kwa kila kikapu, vipimo, namba na bei za usafiri zitakuwa tayari, na huyo kijana atakuwa na kazi ya wiki moja, si ya miezi mitatu ya kukudai "nitumie picha dada". Hata bei yake itashuka.

Kwa sasa anza na lile daftari. Ukikuta miongoni mwa wale 30 kuna aliyeuliza wiki hii akasahauliwa, mjibu leo usiku. Mpe bei, vipimo na nauli kwenye ujumbe mmoja.